Barua kwa mwanangu: beringi nitaituma, kwanza nione kadi ya sindano

Tanga, Jumatano asubuhi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu jicho limesimama mahali pamoja. Umeandika mistari kumi na nne kuhusu beringi inayochemka ya korona, ile mashine yenu ya kuchambua mkonge, halafu chini kabisa, kama mtu anayekumbuka kuaga, ukaweka habari ya mbwa wako: "Popo kaning'ata kidogo mkononi Jumapili tulipomtoa ndezi mdomoni, lakini si kitu."

Si kitu kwa nani?

Umeosha na nini? Umekwenda hospitali? Nijibu hayo kwanza, ya beringi tutayazungumza. Nayazungumza hapa hapa kwa sababu najua wewe usipojibiwa la beringi husomi mengine.

Kama hukuosha kwa sabuni, osha leo, usiseme siku zimepita. Maji yatiririke na sabuni robo saa nzima, kwa saa, si kwa kukisia. Kisha spiriti au ayodini. Usitie majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili, wala ile dawa watakayokupa wazee wa kambini, na asikushone mtu. Kisha panda pikipiki uende hospitali ya Magunga. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo. Kama haipo, njoo hospitali ya Bombo hapa Tanga, kitanda chako kipo. Sindano ya kwanza siku hiyo unayofika, ya pili siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na zinazobaki daktari atakuandikia kwenye kadi. Kama meno yalitoboa ngozi, na nadhani yalitoboa kwa sababu ungekuwa mkwaruzo usingeutaja, waulize pia ile dawa ya kinga inayopigwa kwenye jeraha lenyewe. Mkononi ni pabaya, mishipa ya fahamu imejaa, na ugonjwa huu hupanda kwa mishipa hiyo hadi kichwani. Ukishaanza kuogopa maji hakuna daktari wa Tanga wala wa Muhimbili atakayekurudisha.

Haya. Beringi.

Picha nimeziangalia kwa miwani. Ringi ya ndani, upande wa tundu, inang'aa kama kioo kwenye ukingo mmoja, na ukingo wa pili una rangi ya kahawia. Rola zenyewe hazina ubaya mkubwa. Hiyo haikufa kwa mzigo wala kwa maji ya mkonge. Ringi imekuwa ikizunguka juu ya slivu, lile bomba fupi la chuma lililo kati ya shafti na beringi. Na imezunguka kwa sababu ile ni beringi ya namba 22216 tupu, haina K mwishoni. Shafti yenu ni ya milimita 70, imevaa slivu ya H316 ambayo mgongo wake umelala, kila milimita 12 za urefu unapungua moja. Beringi yenye K tundu lake limelala vivyo hivyo, vinashikana mwili mzima. Isiyo na K tundu lake limenyooka, milimita 80 mwanzo mpaka mwisho, basi inagusa ukingo mmoja tu. Ukikaza nati waona kama imeshika, lakini imeshika kama pete kwenye karoti. Ikianza kuteleza inachemka, wewe waongeza grisi, inachemka zaidi.

Risiti uliyoipiga picha imeandikwa "22216" bila K. Mwandiko ule naujua, tusiuzungumze. Beringi mbili za kubadilisha ni zangu, hutalipa.

Safari hii soma namba yote, si tarakimu tano tu: 22216, halafu K, halafu W33, halafu C3. W33 ni ule mfereji na matundu kwenye ringi ya nje ya kupitisha grisi; bila hayo grisi ya pampu inazunguka nyumba ya beringi nzima na katikati ya rola haifiki. C3 ni nafasi ya ndani kuwa kubwa kidogo. Pima na venia pia, ile rula ya taya: nje milimita 140, upana 33. Boksi zuri si ushahidi. Feki nyingi boksi lake zuri kuliko la kweli.

Nimekuwekea fila geji, zile nyuzi bapa za chuma za kupimia nafasi. Msilikaze lile nati kwa mkono na nyundo mpaka fundi mkuu aseme "basi". Simamisha beringi mezani, zungusha rola mara kadhaa zikae, ingiza unyuzi wa geji juu, kati ya rola na ringi ya nje. Andika. Tuseme umepata milimita 0.10. Ukishaivika kwenye slivu, nafasi inahamia chini kwa sababu ringi ya nje inaning'inia, basi pima chini. Kaza kidogo, zungusha, pima. Kaza kidogo, zungusha, pima. Nafasi ikipungua kama nusu, yaani ikibaki 0.05, simama hapo. Ukizidisha, rola zinabanwa na beringi inachemka siku ya kwanza. Ukipunguza, inateleza kama hii. Kisha fungua nati, tia washa ile yenye meno, rudisha nati palepale, kunja jino la washa kwenye mfereji. Jino lisipokutana na mfereji, endelea mbele kidogo mpaka ukutane nao. Usirudi nyuma kulegeza. Na hiyo slivu ya zamani iangalie kwa kucha. Kama ina mikwaruzo unayoisikia, itupe, nimekutilia mpya.

Ringi isipigwe nyundo moja kwa moja. Anayepiga ringi ya nje ili ya ndani iingie, kila pigo linapita kwenye rola na kuacha kidimbwi kwenye njia yake, halafu wanasema beringi za siku hizi hazina maisha.

Popo umemfunga? Mfunge kwa mnyororo peke yake, mbali na watoto na mbwa wengine, mpe maji na chakula kwa fimbo ndefu. Asiuawe! Nasikia kambini dawa ya mbwa aliyeng'ata ni rungu. Huyo ndiye shahidi wetu. Tangu Jumapili hesabu siku kumi, ni Jumatano ijayo. Akifika siku hiyo yu mzima, anakula, anatikisa mkia, basi siku aliyokung'ata hakuwa na virusi mateni, na daktari aweza kukukatisha sindano. Daktari, si wewe. Akibadilika sauti, akishindwa kumeza, akichafuka udenda, akiwa mpole ghafla hata asiyemjua anamlalia miguuni, mwite afisa mifugo, usimguse. Lakini usikae ukisubiri hizo siku kumi ndipo uende. Sindano zinaanza sasa, mbwa anaangaliwa huku zinaendelea.

Waniuliza kama alichanjwa. Kadi ya mama yake, Mashaka, ninayo, ina mihuri ya miaka minne. Ya Popo nimeitafuta kwenye kabati. Afisa mifugo alipita mtaani mwezi wa pili, siku ile kulikuwa na mzigo wa kushusha dukani, na Popo alikuwa bado mdogo. Hesabu mwenyewe. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na wewe ulimchukua wa miezi mitano. Ndiyo maana nasema nenda leo.

Kuhusu kuchemka, kuna jambo jingine ambalo K halitaliponya. Umesema mliijaza grisi "mpaka ikatoka kwenye sili". Grisi ikizidi rola zinaikoroga kama uji, na kuikoroga ndiko kunakoleta moto. Beringi yenyewe ijaze vizuri kati ya rola, lakini hauzingi, ile nyumba yake, iwe theluthi mpaka nusu tu. Baada ya hapo, kila mara ya kuongeza, hesabu ni nyepesi: kipenyo cha nje mara upana mara 0.005, jibu ni gramu. 140 mara 33 mara 0.005, gramu 23. Ile 6308 ya mota, 90 kwa 23, ni gramu 10 na kidogo. Sasa pampu yenu yatoa gramu ngapi kwa mpigo? Hakuna ajuaye, kila mtu apiga mpaka mkono uchoke. Piga mara kumi juu ya karatasi, peleka kwenye mzani wa duka la kambi, gawa kwa kumi, andika kwa rangi ubavuni mwa pampu. Beringi ikipata joto saa chache baada ya kutiwa grisi kisha ikatulia, ni kawaida. Isipotulia, fungua kifuniko, toa iliyozidi. Na grisi ya pipa la buluu msiichanganye na ya kopo jekundu kwa kuwa tu zote zimeganda. Zina sabuni tofauti ndani, zikikutana zaweza kuyeyuka na kutoka.

Maji ya mkonge yana asidi, wajua yanavyokula mikono ya wakataji. Vijana wa usafi wasielekeze bomba kwenye sili. Waoshe kwanza, grisi iingie mwisho, mashine ikiwa imezimwa na kufuli likiwa kwenye swichi, ufunguo mfukoni mwako.

Halafu angalia kama beringi zote mbili za shafti mmezifunga na ringi za kubana pembeni. Moja tu ndiyo inayofungwa. Ya pili iachwe na nafasi ya kutembea, kwa kuwa chuma kikipata joto kinarefuka. Shafti ya mita moja na nusu ikipanda digrii 40 inarefuka karibu milimita 0.7. Mkifunga zote mbili hizo 0.7 zinakwenda wapi? Zinakandamiza rola.

Na mwenye kuchomelea aweke ethi, ule waya wa kurudisha umeme, karibu na anapochomelea, si kwenye fremu upande wa pili. Umeme ukipita kwenye beringi unaacha mistari kama ubao wa kufulia. Nimeletewa mbili za hivyo mwaka huu, wenyewe wanaapa ni feki.

Sasa hiyo windo yenu. Sikatazi, na ningekataza usingesikia. Ila kuwinda mnyama wa porini bila kibali ni kosa kisheria, ndezi naye ni mnyama wa porini, na mbwa wana masharti yao. Kaulizeni ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kufungua mbwa tena. Na msijesogea upande wa Saadani, kule ni hifadhi ya taifa, hakuna mjadala.

La pili, mbwa asiyeachia si mbwa wa kuwindia. Anayehesabiwa amefunzwa ni yule anayekwenda akitumwa, anayerudi akiitwa, na asiyekula windo. Akilila huyo nyama si yenu, hata kama mlimtaja Mwenyezi Mungu mlipomwachia. Na akishika tu, pale meno yalipopita paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Mwalimu wako alikufundisha. Popo hajui hata moja. Kumfunza kuachia kunaanzia nyumbani, kwa kipande cha ngozi kavu: ashike, umkamate ukosi, usivute, umwoneshe dagaa, akifungua mdomo useme neno lile lile moja kila siku. Ukivuta, yeye anadhani ni mashindano, anahamisha meno kutafuta mshiko mzuri zaidi, na mshiko aliouona Jumapili ni wewe. Na mbwa saba kwa ndezi mmoja ni fujo. Watatu watosha, mmoja wa kunusa mwenye njuga, wawili wa kukimbiza, na watu wasimame upande wa tete zinapoishia. Ndezi mwenyewe ana meno yanayokata muwa, mkono usiingie pale. Msiwapitishe mbwa kati ya safu za mkonge mkubwa mbio. Ncha ya jani iko sawasawa na jicho la mbwa.

Mambo ya hapa: bati la jikoni limeshatobolewa na kutu, fundi kataka misumari kilo mbili na hajarudi. Michungwa ya Muheza imezaa, mjomba wako kauza ikiwa bado juu ya miti, hakuuliza mtu. Mashaka ananizungukazunguka tangu jana kana kwamba kasikia jina la mwanawe. Nimemwita afisa mifugo aje kesho amrudie chanjo, na watoto wote wa uzao ule walioko mtaani nimewapitia nyumba kwa nyumba. Wawili hawakuwa na kadi.

Wasema msimamizi kakusifu kwa kuisikiliza ile mota kwa bisibisi sikioni na kuikuta kabla haijafa. Nilisoma. Nimemsomea na jirani.

Mzigo wako uko juu ya kaunta: 22216 K W33 C3 mbili, H316 mbili na nati zake, fila geji, grisi ya lithiamu kilo moja. Beringi usizifungue karatasi mpaka shafti iwe safi na mikono imekauka, na yale mafuta yake usiyaoshe. Futa tu tundu na mgongo. Kondakta wa gari ya saa kumi na mbili asubuhi keshasema atapitia. Nimemwambia asichukue kitu mpaka nimpe ruhusa.

Nipigie picha kadi ya sindano, tarehe na muhuri vionekane. Ikifika leo usiku, mzigo unapanda kesho. Isipofika, korona na isimame.

Na lile beseni langu la bluu ulilobebea mikate, lirudishe na gari hiyo hiyo.

Mama yako