Kabla ya kumlaumu panya, kagueni joto na nyaya

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wanafunzi wa maabara na tiba ya wanyama walioko Tabora, pamoja na walimu wao, kuhusu ERG, yaani kipimo cha wimbi la umeme ambalo jicho la panya hutoa likimulikwa. Mchoro ukitoka umelala, lawama humwangukia panya au dawa inayojaribiwa, kisha panya wengine wanatumika bure. Mara nyingi kosa liko kwenye maandalizi. (Ukoo nao uulizwe mapema: panya wadogo wengi wa koo za C3H na FVB wana kasoro ya kurithi iitwayo rd1, na seli zao za kupokea mwanga hufa wakiwa na wiki chache tu.)

Panya akae gizani usiku kucha, saa 12 hivi. Kitaa cha chaja kizibwe kwa plasta nyeusi, mwanya wa chini ya mlango uzibwe kwa nguo, na kazi ifanyike kwa taa nyekundu hafifu. Taa ya chumba ikiwashwa kwa bahati mbaya, ahirisheni hadi kesho.

Nusukaputi ya panya mdogo, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo, ni mchanganyiko huu: ketamini ya miligramu 100 kwa mililita, mililita 1, zailazini ya miligramu 20 kwa mililita, mililita 0.5, maji ya chumvi ya sindano, mililita 8.5. Mchomeni tumboni mililita 0.1 kwa kila gramu 10 za uzito, naye apimwe siku hiyohiyo. Angalieni chupa kwanza, kwa sababu ketamini ya miligramu 50 kwa mililita nayo ipo. Hiyo huwekwa mililita 2 na maji 7.5.

Joto ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Panya aliyelala hawezi kujipasha, na asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora meza ya vigae humnyonya joto upesi. Akipoa, wimbi hupungua na kuchelewa, na lenzi huingia ukungu kama mtoto wa jicho. Ukungu huo huletwa pia na jicho kukauka, kwa kuwa chini ya ketamini macho hubaki wazi bila kupepesa. Tumieni mkeka wa joto wenye kipimajoto cha njia ya haja kubwa, mwili ubaki nyuzi 37. Chupa ya maji ya moto haifai: huanza kwa kuunguza na kuishia kupoa.

Tropikamidi ya asilimia 1 hupanua mboni. Macho meusi huchelewa kuliko mekundu. Fuatisheni tone la ganzi, kisha jeli ya methiliselulosi. Jeli iwe kidogo. Ikimwagika hadi kwenye ngozi, umeme hupitia hapo na wimbi hupungua.

Elektrodi ya kipimo hukaa juu ya konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho), ya rejea chini ya ngozi kati ya masikio, ya ethi (waya wa ardhi) mkiani. Ukinzani uwe chini ya kiloomu 5. Waya wa fedha wa elektrodi uloweke kwenye Jik hadi ugeuke kijivu cheusi, kisha usuuzwe vizuri. Ukiachwa uking'aa, mstari utatangatanga.

Meno yanayojirudia kwenye mchoro kila milisekunde 20 ni umeme wa ukutani, hezi 50. Zimeni feni, ondoeni chaja, sokoteni nyaya pamoja, ethi zote ziishie sehemu moja. Kichujio cha hezi 50 kisiwe kimbilio, maana kinaweza kulipotosha wimbi lenyewe. Mimweko ianze hafifu ndipo iwe mikali. Mkianza na mikali, giza la usiku mzima limepotea.

Ombi letu kwa walimu ni hili: mwanafunzi asipewe panya kabla hajatumbukiza elektrodi zote tatu kwenye bakuli la maji ya chumvi, akawasha mmweko, na kuwaonyesha mstari uliotulia.

Wataalamu wa maabara,
Tabora