Safari ya Koh Phangan: tuthibitishe

Habari za jioni wapendwa. Tiketi za Bangkok tayari, sasa tumalizie kipande cha kisiwani. Koh Phangan haina uwanja wa ndege, kwa hiyo Jumanne tunaunga hivi:

1. Ndege hadi Surat Thani, mwendo wa saa moja na robo hivi. Inaruka kutoka Don Mueang, SIYO Suvarnabhumi tutakaposhukia. Tukutane mapokezi ya hoteli saa kumi alfajiri. Tiketi imeandikwa 07:00, yaani saa moja asubuhi; msije mkasoma saa saba. (Yaliyotukuta Mombasa hatujasahau.)

2. Basi hadi gati la Donsak, kama saa moja na nusu.

3. Feri, saa mbili na nusu hivi. Mabegi makubwa yanabaki chini, kwa hiyo maji, koti na dawa ya kichefuchefu viwe mkononi. Bahari ikichafuka, chapati za asubuhi zinaweza kurudi.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima. Fomu ya mtandaoni ya kuingia Thailand tutaijaza siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, ukiona tovuti inadai hela, toka.

Mchango wa basi na feri ni Sh 90,000, umfikie mhazini kabla ya Ijumaa saa mbili usiku. Chenji itarudi.

Naomba kila mmoja aandike hapa "Nipo" na majina yake kama yalivyo kwenye pasipoti. Mama Zuhura, lako bado nalisubiri.