Wazee wa riwaya wapunguziwe hotuba

Mhariri,

Nina ombi kwa waandishi wetu wa riwaya za vijana, na kwa wahariri wanaowapitishia miswada: wapunguzieni wazee maneno. Katika vitabu hivi lazima atokee babu, shangazi au mwalimu mstaafu asiye na doa. Kijana akikwama tu, mzee anamkalisha kitako, anammwagia mawaidha kurasa mbili, kesho yake kijana kanyooka. Binti yangu wa kidato cha pili akifika hapo anaruka kurasa. Simlaumu.

Katika The Hunger Games (2008) ya Mmarekani Suzanne Collins, anayemwongoza Katniss, binti aliyeingia katika michezo ya kuuana, ni Haymitch, mlevi aliyewahi kushinda michezo hiyohiyo na hajapona hadi leo. Uwanjani binti anakaribia kufa kwa kiu. Anaomba maji, maana anajua Haymitch ana uwezo wa kumtumia. Hayaji. Kwanza anakasirika, kisha anang'amua: kama ananyimwa, basi maji hayako mbali. Anajikokota mpaka anaanguka, vidole vyake vinagusa tope, na mbele yake dimbwi lenye mayungiyungi. Haymitch hakutamka neno.

Kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu, kwetu mzee husema na kijana husikiliza. Kwetu wapi? Kungwi hufunda kwa nyimbo, ngoma na matani ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa, na mafumbo mengine mwari anaachiwa ayafumbue mwenyewe.

Wala hatujakosa mifano. Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea, alituletea Mwalimu Majisifu, mlevi aliyeiba mswada wa kijana Amani akauchapisha kwa jina lake. Kitabu hicho kilitahiniwa katika sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa. Anayemsoma Majisifu anajifunza kumpima mtu mzima kabla ya kumwamini, na mabinti zetu wanalihitaji hilo kila siku wanapotoka nyumbani.

Najua wachapishaji wanachohofia: kitabu kisichotaja funzo lake waziwazi kinaweza kukosa ithibati, na bila shule hakiuziki. Basi mzee aachiwe hotuba moja, isizidi aya. Kurasa zilizobaki apewe kazi, madeni na hasira, kama wazee tunaoishi nao.

Mzazi na msomaji,
Morogoro