Diski zenye matundu si lazima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaoniletea Subaru Impreza gereji hapa Ngamiani. Wengi wanataka diski za breki zenye matundu na pedi za mashindano, zile zinazoibana diski gari lisimame. Jamani, pedi hizo hushika zikishapata moto. Asubuhi zikiwa baridi, gari linachelewa kusimama. Na matundu ndiko nyufa zinakoanzia diski ikichemka mara kwa mara. Chukueni pedi nzuri za barabarani na diski zinazopitisha hewa katikati, zinatosha kabisa.

Mteremko wa Lushoto hadi Mombo ushukeni kwa gia ndogo ili breki zisichemke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakichemka pedali inazama. Yabadilisheni kila baada ya miaka 2.

Linaloniuma zaidi ni diski mpya kufungwa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye kutu. Kwa chumvi hii ya bahari yetu, habu isiposuguliwa diski inakaa upande, usukani unatetemeka, na mteja anauziwa diski nyingine bila sababu. Simameni pale pale mpaka fundi aisugue kwa brashi ya waya.

Fundi magari,
Ngamiani, Tanga