Tommie Frazier hakushindwa, mizani yenu ndiyo mbovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kulisoma gazeti lako nikiwa mwanafunzi, na ambalo nisingelifanya sasa kama si ile habari ya Jumapili iliyopita kuhusu wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani "walioishia njiani". Nimevumilia mengi. Nilivumilia mlipoiita futiboli ya Kimarekani raga, nikavumilia pia mlipoweka picha ya mchezaji wa Oklahoma na kuandika chini yake kuwa ni wa Nebraska, kosa ambalo hapa Lincoln, mji wa Chuo Kikuu cha Nebraska, linatosha kuvunja uchumba. Lakini kumtia Tommie Frazier katika orodha ya walioshindwa, tena namba tatu, kwa sababu tu hakucheza katika ligi ya kulipwa ya NFL, hapo mmenigusa pabaya.

Mwandishi wenu amempa sentensi mbili. Frazier alitoka Bradenton, Florida, akajiunga na Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1992, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameshakabidhiwa nafasi ya kwotabeki, yule mchezaji anayepokea mpira kila shambulio linapoanza na ambaye lawama zote humwangukia yeye. Katika mtindo wa kocha Tom Osborne kwotabeki hakusimama nyuma akitafuta wa kumrushia. Alikimbia na mpira sambamba na ukuta wa wapinzani huku akimkodolea macho mlinzi mmoja wa pembeni, na kwa kufumba na kufumbua aliamua ama abaki nao ama amtupie mwenzake anayekimbia ubavuni. Kati ya mechi 36 alizoanza, timu yake ilishinda 33. Hata katika moja ya zile tatu walizopoteza, fainali ya Januari 1994 dhidi ya Florida State iliyokwisha kwa 18 kwa 16, alichaguliwa kuwa mmoja wa wachezaji bora wa mechi, yeye aliyefungwa. Msimu uliofuata alipatwa na damu iliyoganda katika mguu wa kulia, akakaa nje karibu msimu mzima huku kwotabeki mwenzake, Brook Berringer, akiishika timu vizuri sana. Kisha, katika fainali ya tarehe 1 Januari 1995, alirudishwa uwanjani robo ya mwisho timu ikiwa nyuma kwa 17 kwa 9. Wakashinda 24 kwa 17, na Osborne, kocha mkuu tangu 1973, akapata ubingwa wake wa kwanza.

Mwaka uliofuata sikuhadithiwa. Usiku wa tarehe 2 Januari 1996, Nebraska ikicheza fainali na Chuo Kikuu cha Florida, tulikuwa Watanzania wawili na Mkongo mmoja katika chumba cha kupanga, mbele ya televisheni ambayo antena yake tuliizungushia karatasi ya foili, na zamu ya kusonga ugali ilikuwa yangu. Robo ya tatu ilikuwa ukingoni. Frazier aliuchukua mpira akakata kulia, akaingia katikati ya walinzi wa Florida, wakamrundikia, nami nikageukia sufuria kwa kuwa shambulio lilikuwa limekwisha. Mkongo akapiga ukelele. Nilipogeuka, Frazier alikuwa ametokea upande wa pili wa lile rundo kama mtu anayetoka sokoni, akawaacha wanane wa nguo ya buluu wakitafutana, akaenda hadi mwisho. Yadi 75 kwa mkupuo mmoja, kati ya yadi 199 alizokimbia usiku ule, na matokeo yakawa 62 kwa 24. Kwotabeki wa upande wa pili, Danny Wuerffel, alishinda Tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vikuu, mwaka huohuo wa 1996. Ugali uliungua na tukaula hivyohivyo.

Sasa nieleze kilichonishikisha kalamu. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Tanga, alinipigia simu jioni ya Jumapili hiyohiyo, akanisomea habari yenu neno kwa neno, nami bila kufikiri nilikuwa nimeweka sauti ya wazi. Kijana wangu wa miaka 17, ambaye ni kwotabeki wa shule yake ya sekondari hapa, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akikwangua tope kwenye njumu zake kwa kisu butu cha siagi. Kaka akamaliza kusoma, akasema: "Unasikia? Hata huyo bingwa wenu aliishia patupu. Mwambie mtoto aache kuvunjwa mbavu bure." Kisu kikasimama. Kijana hakumjibu baba yake mkubwa, kwa kuwa ana adabu, lakini simu ilipokatika aliniuliza kama kweli Frazier alishindwa, mtu ambaye amemsikia akisifiwa nyumbani mwangu tangu hajaota meno. Mhariri, mimi nilikosa la kusema kwa sababu limeandikwa gazetini, na katika ukoo wetu kilichoandikwa gazetini hakibishiwi. Mwandishi wenu hakusema kwamba damu kuganda ni hatari ya kufa mtu, kwamba timu zote za NFL ziliogopa historia ile mwaka 1996 na hakuna hata moja iliyomchagua, wala kwamba alijaribu kucheza Montreal, Kanada, kwa muda mfupi kabla ya kuacha kabisa. Maradhi nayo siku hizi yanahesabiwa kuwa uzembe? Na kama mtu ameifanya kazi ya chuo kikuu kuliko karibu wote waliowahi kuifanya, kwa nini tumpime kwa kazi nyingine ambayo mwili ulimkatalia?

Tena mwandishi anauliza kwa kejeli, "Alivuna nini?" Angeuliza nani alivuna. Uwanja wa Lincoln umejaa kila mechi ya nyumbani tangu mwaka 1962, na siku ya mechi watu hutania kwamba ndio mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima. Miaka ile madukani zilining'inia jezi nyekundu za namba 15, namba yake, bila jina mgongoni, kana kwamba namba hiyo ilijizaa yenyewe. Mimi niliyekuwa naosha sahani katika bwalo la wanafunzi nililipwa kwa saa, lakini yeye aliyewaleta wale watu wote alipewa ufadhili wa masomo na kukatazwa kuchukua hata senti kwa jina lake mwenyewe. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021, na vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja ikaja 2025. Vijana wa sasa wanapanda magari ambayo mafuta yake alitia Frazier. Hayo hamkuyaandika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama ni kumsema, mngemsema alipokuwa kocha wa Chuo cha Doane, mwaka 2005 na 2006, ambako alishinda mechi 3 kati ya 20. Hapo ningenyamaza. Ila mngetaja pia kwamba mwaka 2013 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ya vyuo vikuu.

Napendekeza mwandishi wenu akalishwe kwenye kiti kigumu, bila chai, aonyeshwe ule mkimbio wa yadi 75 mara 15, na kila mara ahesabu kwa sauti walinzi waliomgusa Frazier. Akikosea hesabu, aanze upya. Kisha masahihisho yachapwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, ili kaka yangu ayasome bila miwani. Kaseti ya mechi ninayo na gharama ya posta nitalipa mimi. Mashine ya kuichezea mtajitafutia wenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtanga wa Lincoln, Nebraska