Mama, Januari nakwenda Salvador

Lisbon, 9 Novemba

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Na wewe Dada, na Shemeji, na watoto wote wa nyumba, assalaam alaykum.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kazi inaendelea na baridi imeshaingia. Nimeamua kuandika kwa sababu juzi kwenye simu hatukuelewana. Nilipokuambia nataka kwenda Brazil ulinyamaza, kisha ukaniuliza, "Umepoteza nini huko?" Kabla sijajibu mtandao ukakatika. Swali lako nimelala nalo siku nne. Sasa nakujibu, na Dada akusomee taratibu, asirukeruke.

Unamkumbuka yule mama ninayefanya naye kazi jikoni, yule anayeniletea dawa ya kifua? Ni mzaliwa wa Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia huko Brazil. Jumatatu moja, siku yetu ya mapumziko, alinialika kwake. Nikamkuta ameloweka kunde, zile zenye jicho jeusi. Akazifikicha kwa viganja mpaka maganda yakaelea, akayamwaga, akatia maji ya pili, na ya tatu. Akazisaga na kitunguu. Halafu akashika mwiko akaanza kuupiga ule mchanganyiko, anauinua, anaushusha, mpaka ukaumuka ukawa mweupe kama povu la sabuni. Mama, nilikuwa nimesimama mlangoni nikakuona wewe. Mkono uleule, na bega linapanda vilevile, kama unavyofanya alasiri pale barazani kwetu Ngamiani, Tanga, wateja wakishaanza kujipanga.

Tofauti yake ni mafuta. Yeye anakaangia mawese, mekundu kabisa. Kwao wanaita acarajé. Wanaipasua katikati, wanatia rojo zito la nazi, karanga na kamba wakavu, tena bamia, tena pilipili. Nikamwambia, hizi ni bajia za kunde, ndizo mama yangu alizonisomeshea. Akacheka mpaka akaketi, kisha machozi yakamtoka. Kumbe na mama yake aliuza acarajé miaka yote, amevaa gauni jeupe na kilemba cheupe, na watoto sita wamekua kwa pesa ile. Wanawake wa kazi hiyo kwao wanaheshimiwa. Mwaka 2005 serikali ya Brazil iliuandika ufundi wao kuwa urithi wa taifa. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nikakufikiria wewe na karai lako.

Kwa hiyo, Mama, sijapoteza kitu. Nimekiona kitu chako kwa watu, nataka nikakitazame huko kinakokaa.

Mji wenyewe si kijiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 2.4, na wengi wao ni weusi au machotara. Wareno waliuanzisha mwaka 1549 na ukawa makao makuu ya Brazil hadi 1763. Uko kwenye ghuba kubwa, nusu juu ya mwinuko, nusu chini bandarini, na kati ya nusu hizo mbili kuna lifti ya mjini, Elevador Lacerda, yenye kimo cha meta 72. Imekuwapo tangu 1873. Watu wanaipanda kwenda kazini kama watu wa Kigamboni wanavyopanda pantoni.

Mtaa wa kale ulioko juu unaitwa Pelourinho. Wageni wanaupenda kwa nyumba zake za rangi, na ngoma za Olodum, kundi lao maarufu la wapiga ngoma, zinasikika hapo. Lakini jina hilo maana yake ni nguzo ya kufungia watu na kuwachapa mijeledi. Brazil ilipokea Waafrika karibu milioni 5 waliouzwa utumwani, kuliko nchi yoyote ya Amerika, na utumwa haukufutwa mpaka 1888. Waliofikishwa Bahia wengi walitoka Afrika Magharibi na Angola. Wa pwani yetu ya mashariki walipitia zaidi Msumbiji, na wengi walishushwa Rio de Janeiro. Basi siendi kutafuta ukoo. Ila pale Pelourinho kuna kanisa la rangi ya samawati, Rosário dos Pretos, ambalo weusi wenyewe, watumwa na walioachwa huru, walilijenga kwa saa walizobakiwa nazo baada ya kazi za mabwana. Ndiyo maana ujenzi ulichukua karibu karne nzima. Nataka nikauguse ukuta ule.

Na kuna jambo ambalo nimelihifadhi kwa ajili yako hasa, maana najua unaogopa nakwenda kwenye nchi isiyo na adhana. Usiku wa kuamkia 25 Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Waislamu weusi wa Salvador, wengi wao Wayoruba na Wahausa, waliinuka kupigania uhuru. Kule wanawaita Wamalê. Siri ilikuwa imevuja, askari wakavamia nyumba waliyokuwa wamejificha, ikabidi watoke kabla ya wakati. Walipigana mitaani usiku ule wamevaa kanzu nyeupe, na zaidi ya 70 wakauawa. Waliokamatwa wengine walichapwa viboko mamia, wengine wakapigwa risasi, wengine wakarudishwa Afrika.

Miilini mwao na majumbani mwao serikali ilikuta hirizi za ngozi, na ndani yake karatasi zimeandikwa aya kwa Kiarabu. Baadhi ya karatasi hizo bado zimo kwenye nyaraka za jimbo la Bahia. Kuna nyingine ni mazoezi tu ya mtu anayejifunza kuandika. Nikiwaza hilo namkumbuka Maalim wetu na mbao zetu za chuoni, jinsi alivyokuwa akinishika kidole nikikosea mkia wa wau. Mtu amebeba mizigo bandarini mchana kutwa, usiku anakaa na taa anarudia herufi. Nitakuwa Salvador tarehe hiyo, nitawasomea Fatiha. Na msikiti upo, mtaa wa Nazaré. Ijumaa zangu hazitapotea.

Sasa mipango, ili usikose usingizi. Nitaondoka tarehe 11 Januari na kurudi tarehe 27, kabla ya Ramadhani. Ndege inatoka hapa Lisbon moja kwa moja, safari ya muda wa saa nane na ushee. Tiketi ni euro 870, na sijakopa hata senti. Ni kibubu cha mwaka na nusu. Mwaka jana pesa zilikuwa karibu kutimia, mwenye nyumba akapandisha kodi ghafla nikaanza upya, ndiyo sababu sikukueleza. Viza nimeshapata. Karnivali, ile sherehe yao kubwa ya ngoma mitaani, sikuitaka: bei za vyumba zinapaa, na msongamano wake ungekunyima amani wewe kuliko mimi.

Nitawahi sikukuu ya Bonfim, Alhamisi ya katikati ya Januari. Wanawake wa Bahia waliovaa nyeupe wanatembea kilometa nane hivi kutoka kanisa la bandarini mpaka kanisa la Bonfim, wamebeba mitungi ya maji ya manukato na maua, wakafike waoshe ngazi. Mambo ya dini za kale za Kiafrika yamo humo, sikufichi. Mimi nitasimama pembeni kwa heshima kama mgeni anavyosimama kwenye maulidi yetu.

Sitakaa peke yangu. Dada yake yule mama ananipokea Liberdade, mtaa ambako kundi la karnivali la Ilê Aiyê lilizaliwa mwaka 1974, vijana weusi walipochoka kufungiwa milango ya karnivali ya wenye nafasi. Usiku sitatembea vichochoro vya Pelourinho, nitaita gari kwa simu, na barabarani simu itakaa mfukoni. Wenyeji wenyewe ndio walionionya hivyo, nami nimesikia. Joto litakuwa nyuzi 30, kama la kaskazi yenu, kwa hiyo kifua changu kitapumzika.

Tayari kule wananiita caçula. Ni neno lililotoka Angola na maana yake ni kitindamimba. Unga wa mahindi wanauita fubá, ambalo nalo limetoka hukohuko. 

Dada, nina maombi matatu. Kwanza, ile kadi yangu ya njano ya homa ya manjano iko kwenye mkoba wa vyeti, chini ya kabati la Mama. Chanjo ile siku hizi ni ya maisha, sina haja ya kuchanjwa tena, ila nahitaji kadi yenyewe, picha haitoshi. Shemeji aulize nani anakuja huku Desemba. Pili, ninunulie doti mbili za kanga kwa ajili ya wenyeji wangu, zenye jina la heri, mfano "Wema hauozi", nami nitawafasiria. Ziwe na nyeupe nyingi.

La tatu ni kwako Mama. Dada akurekodi kwa simu unavyopiga bajia, tangu kuloweka mpaka karai. Usivae nguo ya wageni, vaa leso yako ya kila siku. Yule mama amesema dada yake hataki picha, anataka kuona mkono. Na useme kwa sauti kipimo cha pilipili na dania, maana hilo hata mimi hujanifundisha. Kila siku unasema "kiasi".

Tutapishana saa sita. Kwenu ikiwa saa sita mchana, Salvador ni saa kumi na mbili asubuhi. Nitakupigia wakati huo, ukiwa umemaliza kufikicha kunde, kabla ya adhuhuri.

Naomba radhi zako kabla sijafunga begi.

Mwanao kitindamimba