Barua ya wazi kwa Waziri wa Mkoa wa Haut-Katanga anayesimamia nishati: namba za maji ya mto Lufira zitoke

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nina mashine ya kusaga mahindi Katuba, hapa Lubumbashi. Mvua ikikosea mimi hupigwa pande mbili: kuranti, yaani umeme, inakatwa, na mahindi yanayopitia mpakani Kasumbalesa yanapanda bei hadi mama wa nyumba anaomba nusu ya meka, kipimo chetu cha unga. Ndiyo sababu mtu wa unga anakuandikia habari za upepo.

Kwenye mlango wa ofisi moja hapa mjini palibandikwa karatasi: umeme umepungua kwa sababu ya upungufu wa maji. Mstari mmoja na muhuri, basi. Maji ya bwawa lipi, yamepungua kiasi gani, tangu lini, hakuna. Utafikiri yaliamka asubuhi yakafunga safari.

Mvua yetu hunyesha Novemba hadi Aprili, ukanda wa mvua wa tropiki unapolifuata jua kusini. Huku juu mikondo miwili hukutana: upepo wenye unyevu wa Atlantiki uliovuka msitu wa Kongo, na upepo wa mashariki kutoka Bahari ya Hindi. Panapokutana ndipo mawingu hujaa. Mahali hapo husogea mwaka hadi mwaka, na joto la bahari za mbali lina mkono wake. El Niño ikiipasha Pasifiki, mvua nyingi za kusini mwa Afrika huhamia baharini, upande wa Madagaska. Bahari ya Hindi nayo ikipata joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, Afrika Mashariki hufurika.

Msimu wa 2023-2024 tuliyaona yote. Januari 2024 mto Kongo ulipanda Kinshasa ukakaribia kiwango cha mafuriko ya 1961. Tarehe 29 Februari, Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Mpaka kati ya upande unaolowa na upande unaokauka hupita kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, na Lubumbashi iko kwenye 11.7. Tumekaa kwenye bawaba ya mlango, Mheshimiwa: mwaka huu unatuvuta huku, mwaka kesho kule. Utabiri uliotengenezwa kwa ajili ya Kinshasa hautoshi kwetu, wala ule wa Lusaka.

Halafu mto haufuati mvua kama kivuli. Mvua za Novemba huangukia udongo uliokauka tangu Mei. Vumbi linatulia, watoto wanacheza matopeni, na Lufira haishtuki. Ardhi na miti ya miombo hunywa kwanza. Kwa mwaka tunapata milimita 1,200 hivi, na sehemu kubwa hurudi hewani. Kinachobaki ndicho huingia mtoni, na mto hujaa msimu unapoelekea mwisho. Kwa hiyo mvua ikipungua kidogo, mto hupungua zaidi ya hapo. Na kwa hiyo pia, mvua zikikoma Aprili, ziwa Tshangalele nyuma ya bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye Lufira, lililoko tangu 1930, linajua tayari Oktoba itakuwaje. Ziwa lenyewe halina kina kirefu. Jua la kiangazi linakula humo bila haya.

Najua nitaambiwa habari za Inga, mabwawa ya umeme ya mto Kongo kule magharibi. Ni kweli, mto Kongo hupokea mvua za pande zote mbili za ikweta, hautegemei msimu mmoja kama Lufira na Lualaba, mito yetu ya huku. Lakini kuranti yake husafiri kilomita 1,700 hivi kufika Kolwezi, na migodi inaisubiri mbele ya Katuba.

Bwawa haliendeshwi bila kusoma kiwango cha maji. Namba zipo. Utabiri wa msimu upo pia: kongamano la nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, hutoa wake kabla mvua hazijaanza, na sisi ni wanachama. Ninachoomba ni vitu hivyo viwekwe pamoja na vitufikie, ili mwenye mashine, mwenye friji ya samaki na daktari wa zahanati wajue mapema ni miezi ipi ya kununua mafuta ya jenereta na ratiba ya kukata umeme itakuwa ipi. Si lazima kuanza na mabwawa yote. Koni, Nzilo na Nseke yanaweza kungoja. Aprili ijayo anza na Mwadingusha peke yake: kiwango cha maji kila Jumatatu, redioni, kwa Kiswahili, na kando yake kiwango cha juma kama hilo mwaka uliopita.

Wako kwa heshima,
Msagaji wa Katuba, Lubumbashi